Mguu uliopinda, mkono uliojikunja: pa kuanzia kama mgonjwa wako ni mtu mzima

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo angalau anapelekwa kliniki, mama anambeba mgongoni, watu wanachanga nauli. Akifika miaka ishirini kliniki ya watoto sio yake tena, mgongoni habebeki, na taratibu hakuna anayeuliza goti lake limefikia wapi. Mzee wa kiharusi naye hivyohivyo, miezi mitatu ya kwanza ndugu wamejaa uani, baadae anabaki na mke wake na mkono umejikunja kifuani na watu wanasema "ndo ameshakuwa hivyo". Mimi nafanya mazoezi tiba hapa Mwanza, kazi yangu kubwa ni kuwafata watu majumbani, Mabatini, Igoma, Buhongwa, mpaka kule juu kwenye mawe ambako hata bajaji haipandi, na hilo neno "ndo ameshakuwa hivyo" linaniuma sana kwa sababu mara nyingi sio kweli. Sisemi kila kiungo kitanyooka, hapana. Ila karibu kila mtu kuna kitu kwenye siku yake kinaweza kuwa rahisi kuliko kilivyo leo.

Naandika kwa anayemhudumia mgonjwa nyumbani na kwa mgonjwa mwenyewe anayejisomea. Nazungumzia waliokakamaa au kupooza kwa kiharusi, mtindio wa ubongo, kuumia kichwa, kuumia uti wa mgongo (boda na kuanguka kwenye mwembe ndo naona sana), na wazee wetu wa polio.

Hatua ya 1: jua kinachoshika kiungo ni nini

Hii ni kabla hujavuta chochote. Kiungo kinapinda kwa sababu mbili kubwa na tiba zake hazifanani. Ya kwanza ni mkazo wa misuli: ubongo au uti wa mgongo umeumia, ile breki ya kutuliza misuli haifiki, msuli unajikaza wenyewe, ndo maana mtu wa kiharusi akipiga mwayo unaona mkono unapanda. Ya pili ni kufupika kabisa, yani msuli na mfuko wa jointi vimesinyaa kwa kukaa mkao mmoja mda mrefu, hapo hata akilala usingizi mzito hakifunguki. Wengi wanazo zote mbili maana ya kwanza ndo inazaa ya pili.

Kupima ni hivi. Mlaze chali atulie, kama ametoka kuhamishwa mwache kwanza hata dakika tano. Tuseme shida ni unyayo unaoelekea chini, kisigino hakigusi sakafu. Shika kisigino kwenye kiganja chako, unyayo wake ulale kwenye mkono wako, goti lake limenyooka, kisha rudisha unyayo kuelekea kwake haraka mara moja tu uone unagota wapi. Rudia polepole, hesabu mpaka kumi. Kama polepole umefika mbali zaidi, hiyo tofauti ni mkazo, na dawa au sindano zinaweza kuigusa. Kama mara zote mbili umegota palepale kama umegonga ukuta, hapo pamefupika, vidonge vya kulegeza misuli havitapasogeza hata ameze mwaka mzima. Halafu kunja goti lake upime tena. Goti likikunjwa unyayo ukaja vizuri, basi uliofupika ni ule msuli wa juujuu wa shavu la mguu, ulio karibu na ngozi, ambao unavuka goti, na ukimwambia daktari wa mifupa hivyo atakusikiliza maana inabadilisha kama atafanya upasuaji na wapi. Kiungo kikiwa na maumivu makali, kimevimba au kina joto usipime haraka, kipeleke kwanza kikaangaliwe, kwa walioumia uti wa mgongo nyonga ikivimba inaweza kuwa mfupa unaota kwenye misuli au mfupa umevunjika bila yeye kuhisi.

Polio ni habari nyingine. Mguu ni laini, haukazi, umepinda kwa sababu upande mmoja una nguvu na mwingine hauna. Usije ukampa mtu wa polio dawa za mkazo.

Ukimaliza piga picha kwa simu, ubavuni, mtu amelala palepale, na uandike tarehe. Goti lisilonyooka mimi napima kwa vidole, ngapi vinaingia kati ya nyuma ya goti na godoro. Vidole vinne mwezi wa tatu, vidole vitatu mwezi wa sita, hiyo inaeleza kuliko "naona kama afadhali".

Hatua ya 2: muulize anataka kufanya nini

Hapa watu wanaruka na ndo pananiuma zaidi. Ndugu wanataka mguu unyooke, daktari anaangalia jointi, mgonjwa mwenyewe hajaulizwa. Kuna mama mmoja wa polio anauza dagaa mwaloni Kirumba, tangu utoto anatembea kwa ncha ya mguu wa kulia, na watoto wake wakachanga hela wamfanyie upasuaji kisigino kishuke. Nilimwomba atembee mbele yangu. Kila hatua alikuwa anasukuma paja lake kwa mkono, maana msuli wa mbele wa paja hauna nguvu kabisa, na ule unyayo ulioelekea chini ndo ulikuwa unalisukuma goti nyuma lisikunjike. Kisigino kingeshushwa bila kumpa kifaa cha kushika goti, goti lingemwangusha siku ya kwanza. Alichokuwa anataka yeye ni kiatu kisichoisha upande na mgongo usimuume. Tukamtafutia kiatu cha kuinuliwa kisigino, ile ncha ikapata pa kukanyaga.

Vilevile kwa aliyeumia shingo, anaweza kunyanyua kifundo cha mkono, yani pale panapovaliwa saa, lakini vidole havina nguvu. Vidole vyake vikifupika kidogo vinajifunga akinyanyua hapo, ndo anavyoshikia kikombe. Ukimnyooshea vidole huku mkono umekunjuliwa nyuma utakuwa umemnyang'anya mshiko wake pekee.

Kwa hiyo andikeni kitu kimoja au viwili kwa maneno ya nyumbani: kiganja kioshwe bila kulia, mapaja yaachane aweze kusafishwa na kuvaa, akae kwenye kiti mwendo bila kuteleza, avae kandambili, asimame wakati wa kuhamia kitandani. Yeyote utakayemwona baadae, fizio (mtaalamu wa mazoezi tiba) au daktari wa upasuaji, muoneshe hiyo karatasi.

Hatua ya 3: tafuta kinachochokoza

Mkazo ukiongezeka ghafla ndani ya siku chache usikimbilie kuongeza dawa. Angalia mkojo (unanuka, una mawingu, homa), angalia lini amepata choo, vua nguo zote uangalie makalio, visigino na nyonga kama kuna kidonda kinaanza, angalia kucha ya kidole gumba cha mguu imeingia nyamani, angalia mpira wa mkojo umejikunja. Nilishakuta kijana miguu inamrukaruka usiku kucha, ndugu wamemwombea, wamempaka mafuta, kumbe ni kucha.

Na kama aliumia uti wa mgongo usawa wa kifua kwenda juu, akapata ghafla kichwa kinagonga, jasho na wekundu usoni, hiyo ni dharura, presha inapanda sana. Mkalishe wima, legeza nguo na mikanda, nyoosha mpira wa mkojo upitishe, na uende hospitali mda huohuo.

Hatua ya 4: saa zake 24 anakaaje

Mazoezi ni nusu saa. Zinabaki saa ishirini na tatu na nusu, na hizo ndo zinapinda watu.

Mto chini ya goti. Naukuta kila nyumba, umewekwa kwa upendo kabisa kwa sababu mgonjwa anasema anajisikia vizuri, na goti linakaa limekunjwa usiku na mchana mpaka linabaki hivyo. Utoe. Akilala chali miguu inyooke, mto mdogo kando ya paja upande wa nje usiache mguu udondoke nje, na kitu laini chini ya shavu la mguu kisigino kisiguse godoro. Akilala ubavu, mto kati ya magoti. Kama anaweza, alale kifudifudi hata dakika 20 mara moja kwa siku, hiyo inafungua nyonga za mtu anayeshinda amekaa, aanze na dakika tano na uso uelekee upande anaoona watu. Asiyejigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili.

Mkono uliopooza usining'inie. Akiwa amekaa uegemee kwenye mto au meza. Na tafadhali sana, ukimnyanyua mtu wa kiharusi usimvute kwa ule mkono wala usimbebe kwapani, bega lake halina misuli ya kulishika, linashuka kutoka mahali pake, halafu maumivu yanamfanya aukumbatie mkono kifuani na ndo mwanzo wa kujikunja.

Kiti: makalio yarudi mpaka nyuma, miguu ikanyage kitu. Kiti mwendo cha msaada kikiwa kipana kuliko mtu anakaa upande mmoja na mgongo unafuata, jaza pembeni kwa magodoro madogo, fundi wa makochi yeyote anakukatia.

Hatua ya 5: kunyoosha, na ukweli wake

Niseme wazi. Mwaka 2017 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti 49 kuhusu kunyoosha viungo, ndani yake kuna kunyoosha kwa mikono, mikao, vifaa, mpaka plasta ngumu, na kwa watu wenye shida za ubongo na uti wa mgongo faida ya kufungua jointi ilikuwa ndogo mno kwa ile miezi michache iliyopimwa. Kwa hiyo usimtese mtu mpaka alie ukitegemea mguu utanyooka kwa nguvu zako. Mimi bado nafundisha familia kukisogeza kiungo polepole kila siku, maana ngozi inasafishika, mkazo unatulia kwa mda, na ndo mda pekee wengine wanaguswa kwa upole. Chenye faida zaidi ni yeye mwenyewe kukitumia kile kilichobaki: kama vidole vinafunguka kidogo basi ashike kitasa, abebe sahani, akunje nguo, mara nyingi kwa siku, sio mara kumi asubuhi halafu basi.

Mkono uliofunga ngumi nauelezea kwa kirefu kwa sababu unatesa watu. Bibi mmoja Igogo, miaka minne tangu kiharusi, mjukuu wake aliniita kwa sababu ya harufu. Kucha za kidole cha kati na cha pete zilikuwa zimeingia kwenye kiganja, ngozi nyeupe imelowa. Mjukuu alikuwa anajaribu kufungua kwa kuvuta ncha za vidole, na kila akivuta bibi anakaza zaidi. Nikamwambia, acha vidole kwanza, tuanze huku. Mkalishe, mkono ulale kwenye mto mapajani. Kunja kiganja kwenda chini, yani pale panapovaliwa saa paelekee ndani, ukifanya hivyo mishipa ya vidole inalegea na vidole vinaachia vyenyewe. Shika dole gumba kwenye shina lake, kwenye ile nyama ya kiganja, sio ncha, ulitoe nje polepole. Subiri. Kweli subiri, hata dakika moja. Halafu ingiza vidole vyako viwili kutokea upande wa kidole kidogo ukielekea kwenye dole gumba. Maji vuguvugu na sabuni, suuza, kausha mpaka katikati ya vidole, kata kucha, kisha weka kitambaa cha pamba ulichokiviringisha kigumu kama ngata ndogo, kibadilishwe kila siku. Bibi alilala katikati ya kazi. Mipira laini ya kubonyeza usimpe mtu wa ngumi, unamfundisha kufunga wakati shida yake ni kufungua.

Maji ya moto. Kukanda kwetu ni kila kitu najua, ila kiungo kisichohisi kinaungua bila mtu kupiga kelele, na nimeona malengelenge ya mguu mzima. Pima maji kwa kiwiko chako, yawe vuguvugu. Na yule mkandaji anayesema atauvunja mguu unyooke, mkatalie kwa heshima. Mguu usiobeba uzito miaka mingi mifupa yake inakuwa myepesi, unavunjika kweli.

Hatua ya 6: msimamishe

Kama daktari hajakataza. Uzito ukipita kwenye mguu kisigino kinashuka chenyewe, nyonga inafunguka, tumbo linafanya kazi. Seremala anaweza kutengeneza meza ya kusimamia, urefu wa kifua, mkanda mpana nyuma ya makalio na kingine laini mbele ya magoti, nusu saa kwa siku mkifika huko. Mtu aliyelala miezi usimsimamishe ghafla atazimia, mkalishe kwanza siku kadhaa miguu ikining'inia. Kisigino kisipogusa chini weka kipande cha ubao chini yake, unyayo wote ukanyage kitu.

Hatua ya 7: hospitali, na cha kuomba ukifika

Anza na kituo cha afya au hospitali ya wilaya upate rufaa, mkoa ni Sekou Toure, na Bugando ndo rufaa ya kanda yote ya ziwa. Wa Sengerema siku hizi mnapita darajani, ule mda wa kusubiri kivuko na mgonjwa kwenye gari umeisha, Ukerewe bado ni majini kwa hiyo pangeni miadi yote iwe siku zinazofatana. Kama hela hakuna, muulizieni afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa. Nendeni na picha, vipimo vya vidole, na ile karatasi.

Vidonge kama baklofeni vinapunguza mkazo wa mwili mzima, vinaanza kidogo vinapandishwa taratibu, vinaleta usingizi na vinaweza kumlegeza mtu aliyekuwa anausimamia huohuo mkazo wake, hivyo ukiona ameanza kudondoka rudi useme. Visikatishwe ghafla hata kama vimeisha na duka limefungwa, mtu anaweza kupata degedege na kuona vitu ambavyo havipo. Nunua kabla havijaisha.

Sindano ya botulinamu inachomwa kwenye msuli wenyewe kuulegeza, inaanza ndani ya siku kadhaa, inakolea wiki chache, inaisha kama miezi mitatu. Ni ghali na haifungui kilichofupika, kwa hiyo usilipie kabla kile kipimo cha haraka na polepole hakijafanyika. Kuna pia sindano ya fenoli ya kwenye mshipa wa fahamu, ni ya bei nafuu ila inahitaji mkono wenye uzoefu.

Plasta ngumu, hogo, inafungwa kiungo kikiwa kimenyooshwa kidogo, inabadilishwa kama kila wiki, kila mara kiungo kinanyooshwa kidogo zaidi. Inaweza kusaidia, na inaweza kurudi yote kama baada yake hakuna kifaa cha kushikilia. Kuna kijana asiyehisi miguu alifungwa hogo mahali fulani na hakuna aliyewaambia ndugu cha kuangalia, wiki ya pili harufu ikatoka, kisigino kilikuwa kimeoza mpaka mfupani. Kwa hiyo: kila siku vidole vya mguu viguse, viwe na joto, bonyeza kucha uone damu inarudi haraka. Vikiwa vya baridi, vimevimba, rangi imebadilika, kuna harufu au unyevu, hogo linatolewa siku hiyohiyo, sio Jumatatu.

Kifaa cha kushika unyayo kinachovaliwa ndani ya kiatu kwa wengi ndo tiba yenyewe, kinatosha. Kivae dakika thelathini siku ya kwanza, vua angalia ngozi, wekundu au weusi usioondoka baada ya dakika ishirini unamaanisha kinabana, kirudishe kwa fundi akirekebishe, msikitupe uvunguni.

Upasuaji kwa mtu mzima upo na unafanyika: kurefusha mshipa wa kisigino, kuhamisha msuli unaougeuza unyayo ndani ukavute na nje, kulegeza misuli ya ndani ya paja au ya nyuma ya goti, kurefusha mishipa ya vidole ili kiganja kifunguke, na kwa unyayo ulioganda kabisa kuunganisha mifupa ukae sawa. Baada ya kiharusi kwa kawaida husubiriwa angalau miezi sita maana mwili bado unajirudishia. Muulize daktari maswali haya bila aibu: hiki kiungo anakitumiaje sasa na kitapoteza nini? Atakaa na hogo wiki ngapi? Nani atatengeneza kifaa cha baada ya hapo na kitakuwa tayari siku gani? Kama swali la mwisho halina jibu, sogeza tarehe. Mshipa uliorefushwa ukaachwa bila kifaa na bila kusimama unarudi.

Hatua ya 8: baada ya hapo

Hogo likitoka mguu utakuwa mwembamba na dhaifu, watu wanashtuka wanadhani umeharibiwa, kumbe ni kawaida, sasa ndo kazi inaanza upya kutoka hatua ya 4. Wiki sita za kwanza mpate fizio angalau mara moja kwa wiki, nyumbani kila siku. Picha kila mwezi, palepale, ubavu uleule. Vidole vikianza kuongezeka nyuma ya goti miezi miwili mfululizo msisubiri kliniki ya mwakani, rudini na hizo picha. Na ile karatasi ya hatua ya 2 muisome tena pamoja naye, maana mtu akishaweza kuvaa kandambili anaanza kutaka kwenda sokoni mwenyewe, na hapo mnaandika upya.